Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: tripu fupi ya makorongo na jangwa katikati ya Australia

Naishi Adelaide, na kila mwaka ndugu na marafiki wakija kututembelea lazima mmoja aseme anataka kuliona lile jangwa jekundu. Maswali ni yale yale, nimeshayajibu kwenye simu na kwenye voisi mpaka nimeyakariri, kwahiyo nimeyaweka hapa yote pamoja. Saa zote nimeandika kwa Kiswahili, saa 3 asubuhi ni saa tatu yetu ile. Nalisema hili mapema kwa sababu baba mdogo alipewa karatasi ya ratiba imeandikwa 6:00 akajua ni saa sita mchana, gari likaja saa 12 alfajiri yeye bado amelala na tripu ikampita.

## Mambo ya mwanzo

Hii tripu ni ya wapi hasa?

Ni katikati kabisa ya Australia, jimbo la Northern Territory, eneo ambalo wenyewe wanaliita Red Centre kwa sababu ya udongo wake mwekundu. Mji wa kuanzia ni Alice Springs, jina lake la asili ni Mparntwe kwa lugha ya Waarrernte ambao ndio wenye ardhi ile. Ni mji mdogo, wa watu kama elfu 25 hivi, na ukitoka hapo kwenda Darwin upande wa kaskazini au Adelaide upande wa kusini ni kama kilomita 1,500 kila upande.

Maeneo ambayo watu wanapelekwa ni matatu. Kuna milima ya West MacDonnell (Tjoritja) inayoanzia pale pale mjini na kwenda magharibi, ndani yake kuna makorongo mengi. Kuna Kings Canyon ndani ya hifadhi ya Watarrka. Halafu kuna Uluru, lile jiwe kubwa ambalo kila mtu ameliona kwenye picha, pamoja na jirani yake Kata Tjuta, kundi la vilima vya mawe vyenye vichwa vya mviringo.

Kwani Uluru si ipo hapo hapo Alice Springs?

Hapana jamani, na hili ndilo kosa linalowaponza wengi. Kutoka Alice Springs mpaka Uluru ni kama kilomita 450 za lami, masaa matano ya kuendesha. Kuna tripu za kwenda na kurudi siku moja, unaondoka alfajiri unarudi karibu usiku wa manane, unakaa kwenye basi masaa kumi ili uone jua likizama. Mimi simshauri mtu. Kama Uluru ndiyo roho yako inataka, panda ndege mpaka uwanja wa Ayers Rock ulioko Yulara, pale ni jirani kabisa na jiwe lenyewe.

Nina siku mbili tatu tu, inatosha?

Inatosha ukichagua upande mmoja. Siku moja, fanya West MacDonnell. Siku tatu, unaweza kuunganisha Uluru, Kata Tjuta na Kings Canyon kwa tripu ya kulala kwenye kambi (kutoka Uluru mpaka Kings Canyon ni kama kilomita 300, usidhani ni pua na mdomo). Kujaribu vyote vitatu kwa siku mbili ni kulipa hela nyingi uangalie barabara.

Sasa wewe ungenipeleka wapi?

West MacDonnell, bila kusita. Najua watu wanataka picha ya Uluru na siwalaumu, ni jiwe linalokunyamazisha kweli. Lakini kwenye yale makorongo unaingia ndani, unatembea katikati ya kuta mbili nyekundu, unasikia ubaridi wa maji kabla hujayaona, na mara nyingi mko watu kumi tu, sio mabasi arobaini. Kila mgeni niliyempeleka amerudi akiongelea korongo la Ormiston, hata wale walioenda na Uluru pia.

Nyumbani tuna Hell's Gate na Olduvai, huko nitaona nini kipya?

Kwanza umri. Ile milima ilikunjwa na kuinuliwa zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, ikaja ikaliwa na mvua na upepo mpaka ikabaki migongo mirefu ya mawe magumu iliyolala sambamba kutoka mashariki kwenda magharibi. Mito inaikata ile migongo katikati, na pale inapokata ndipo panapokuwa korongo. Mto Finke, ambao Waarrernte wanauita Larapinta, unahesabiwa kati ya mito mikongwe kuliko yote duniani, na siku nyingi za mwaka ni mchanga mtupu na miti, maji yamebaki kwenye vidimbwi tu.

Halafu rangi. Wekundu ule ni kutu, kweli kutu, chuma kilichomo ndani ya mawe kimekutana na hewa kwa muda mrefu. Juu yake unaweka miti ya ghost gum yenye magome meupe kama yamepakwa chokaa, na anga la bluu lisilo na wingu hata moja.

Msimu gani ni mzuri?

Mei mpaka Septemba. Mchana ni joto la kupendeza, nyuzi 20 na kitu, ila usiku wa Juni na Julai ni baridi ya kugandisha, inashuka mpaka chini ya sifuri, kwahiyo mtu anayekuja na fulana tu kwa sababu amesikia jangwa atalia. Desemba mpaka Februari wastani wa joto la mchana ni nyuzi kama 36 na siku nyingine linapita 40. Bei inashuka kipindi hicho ila njia nyingi za kutembea zinafungwa mapema (angalia swali la kufungwa kwa njia huko chini).

## Kufika na gharama

Nikitokea Afrika Mashariki nafikaje, na viza je?

Hakuna ndege ya moja kwa moja. Wengi wanapitia Dubai au Doha mpaka Sydney, Melbourne, Perth au Adelaide, halafu ndege ya ndani mpaka Alice Springs. Saa za Alice zinatangulia za Nairobi na Dar kwa masaa sita na nusu, hiyo nusu inachanganya watu kwenye simu za nyumbani.

Pasipoti za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zinahitaji viza ya mgeni, ile namba 600, unaomba kwenye mtandao kabla ya kusafiri. Ndugu zetu wenye pasipoti za Uingereza, Ulaya, Marekani au Kanada wana njia fupi zaidi ya kielektroniki. Ukitokea nchi yenye homa ya manjano beba cheti cha chanjo.

Jambo lingine ambalo watu hawaliamini mpaka limewakuta: ukaguzi wa mizigo pale uwanjani ni mkali sana. Vyakula, mbegu, vitu vya mbao au ngozi, vyote unavitaja kwenye ile fomu. Hata viatu vyako vya kupandia milima vikiwa na udongo unavitaja. Visugue na brashi nyumbani kabla ya kufunga begi.

Inagharimu kiasi gani?

Bei ya tripu inategemea ukubwa wa gari, chakula na kama mnalala, lakini ya siku nzima tegemea zaidi ya dola 100 za Australia kwa mtu mzima. Juu ya hapo kuna viingilio, na ni vitatu tofauti, hapa ndipo watu wanalia kwamba wametozwa mara mbili. Hifadhi za jimbo zina pasi yao kwa wageni tangu 2023. Uluru na Kata Tjuta wana pasi ya peke yake, dola 38 kwa mtu mzima kwa siku tatu, walio chini ya miaka 18 bure. Na Standley Chasm, ule ufa mwembamba wa mlimani huko West MacDonnell, ni mali ya familia za Waarrernte wenyewe, wanatoza kiingilio chao pale mlangoni. Kabla ya kulipia uliza kwa maandishi ni pasi zipi zimeingia ndani ya bei, maana bei hubadilika.

Kuna ulazima wa mwongozaji? Si nikodi gari tu?

Barabara ya West MacDonnell ni lami mpaka karibu na Glen Helen, korongo lingine la huko, gari dogo linafika, kwahiyo sio lazima. Ila kama ni mara yako ya kwanza na una siku moja, lipa mwongozaji. Atakuonyesha mnyama uliyempita, atakwambia hadithi ya mahali, na jioni ndiye anayeendesha wewe umechoka. Gari la kukodi nje ya mji usiku ni hatari, kangaruu na ng'ombe wanasimama katikati ya barabara, na mikataba mingi ya kukodi inakataza kabisa kuendesha giza likiingia huko. Njia ya mkato ya vumbi inayoitwa Mereenie, ile ya kwenda Kings Canyon, inataka kibali na gari la 4x4, usiijaribu na gari la kwendea sokoni.

## Siku yenyewe

Siku ya West MacDonnell inaendaje?

Gari linawapitia hotelini saa 1 asubuhi au kabla. Ukitoka mjini dakika chache unapita kaburi la John Flynn, mchungaji aliyeanzisha huduma ya madaktari wa ndege (nimemweleza zaidi kwenye swali la kuokota mawe). Halafu Simpsons Gap. Hapa ni kufika mapema na kunyamaza. Kuna swala wadogo wa mawe, sio swala kweli ni jamaa ya kangaruu, wanaitwa rock-wallaby, rangi yao ni ile ile ya mawe. Mara ya kwanza nilisimama dakika kumi nikasema hamna kitu, mpaka jiwe moja likajikuna sikio. Mkia wake mrefu una manyoya meusi mwishoni, na anaruka kwenye ukuta uliosimama wima kama sisi tunavyopanda ngazi.

Wengi wanapanga kufika Standley Chasm saa 6 mchana. Ni ufa tu katikati ya mlima, kuta kama mita 80 kwenda juu, na upana wa watu wachache wakishikana mikono. Asubuhi ni kivuli na ubaridi. Jua likifika kichwani kabisa, ukuta mmoja unawaka kama mkaa, baadaye kidogo na wa pili, halafu mwanga unapita, yote hiyo haizidi saa moja hivi. Mkichelewa mmeukosa, kwahiyo mwongozaji akiwahimiza msimnunie.

Baada ya chakula mnaenda Ellery Creek, bwawa kubwa lililopo mlangoni mwa korongo, halafu Ochre Pits, ukingo wa mto wenye tabaka za udongo wa njano, mweupe na mwekundu ambao Waarrernte wanautumia kwenye sherehe zao tangu zamani. Mwisho Ormiston, kilomita 135 kutoka mjini. Panda ile njia fupi mpaka Ghost Gum Lookout, chini yako kuna maji meusi yaliyotulia na mchanga mweupe. Barabara mliyokuja nayo inaitwa Namatjira Drive, kwa jina la Albert Namatjira (1902 hadi 1959), Mwarrernte wa Magharibi aliyechora milima hii kwa rangi za maji. Wengi walioziona picha zake tu walidhani rangi ameongeza. Simama pale saa 11 jioni ujionee zambarau ya Mlima Sonder, hakuongeza kitu.

Kings Canyon, ile njia ya juu ni ngumu?

Mwanzo ndio mgumu. Njia ya juu inazunguka kilomita 6, masaa matatu mpaka manne, na inaanza na ngazi za mawe kama 500 mfululizo. Ukishafika juu miguu inapumzika, ni tambarare na vichuguu vya mawe kama mizinga ya nyuki, halafu unashuka ngazi za mbao kwenye bonde lenye maji na mimea ya kijani wanaloliita Garden of Eden. Usisogelee ukingo kwa ajili ya picha, kuta ni zaidi ya mita 100 kwenda chini na jiwe la pembeni linaweza kuwa limening'inia tu. Asiyeweza ngazi kuna njia ya chini, kilomita 2.6 kwenda na kurudi.

Naweza kuogelea? Kuna mamba?

Mamba hamna. Mamba wako kaskazini huko Darwin na Kakadu, huku katikati hawapo, hili swali naulizwa kuliko yote. Ellery Creek, Ormiston na Glen Helen unaogelea. Simpsons Gap hairuhusiwi.

Hatari yenyewe ni baridi. Bwawa la Ellery ni la kina na jua linaligusa juu juu tu, nje nyuzi 38 na maji yanakukata pumzi. Ingia taratibu, usijirushe, usivuke peke yako kwenda upande wa pili. Mdogo wangu ni mtoto wa Tanga, anaogelea baharini tangu hajaanza shule, pale alifika katikati miguu ikakaza ikabidi ageuke alale chali arudi hivyo hivyo.

Nibebe nini?

Maji kwanza, lita 3 kwa mtu kwa matembezi kama ya Kings Canyon, na uyanywe, sio uyabebe tu. Kofia ya ukingo mpana, losheni ya jua (ndio, na sisi weusi tunaungua, usibishane), raba zenye kushika vizuri maana ndala kwenye mawe ni kujitafutia, shati la mikono mirefu, sweta kuanzia Mei. Na chandarua cha usoni cha nzi, utakiona kinauzwa kila duka. Nzi wa kule hawaumi, wanataka jasho na machozi tu, wanaingia puani na kwenye kona ya jicho, hasa miezi ya joto. Nunua, gharama yake ni ndogo.

Chakula halali na kuswali inakuwaje?

Waambie siku unapobuku, sio asubuhi ya safari, kwa sababu chakula kinafungwa mjini na huko njiani hakuna duka la maana. Wengine wanaomba mlo wa mboga kabisa kuondoa wasiwasi. Mjini Alice Springs kuna msikiti, na wenyeji wanauita wa Waafghani kwa heshima ya wale wachunga ngamia wa karne ya 19 (angalia swali la ngamia). Kuswali njiani hakuna shida, waongozaji niliokutana nao walisimamisha gari bila maneno.

Mtandao upo?

Mjini upo. Ukiingia kwenye makorongo sahau. Pakua ramani mapema na uwaambie nyumbani kwamba utapotea hewani mpaka jioni.

## Heshima kwa wenye ardhi

Naruhusiwa kupanda Uluru?

Hapana. Kupanda kulifungwa tarehe 26 Oktoba 2019. Waanangu ndio wenye mahali pale, walirudishiwa ardhi yao tarehe kama hiyo hiyo mwaka 1985, na kwa miaka mingi walikuwa wanaomba watu wasipande kwa sababu ni mahali patakatifu na kwa sababu watu walikuwa wanafia pale. Zunguka kwa miguu, ni kama kilomita 10, kuna mapango yenye michoro na bwawa ambalo usingelijua kama lipo. Sehemu nyingine kuna vibao vya kukataza picha, tii, simu mfukoni.

Naweza kuokota kajiwe kadogo ka kumbukumbu?

Usiokote, hata mchanga kwenye chupa. Ochre Pits ni kosa la kisheria kabisa.

Sikiliza habari ya kaburi la Flynn. Alipofariki 1951 watu waliompenda walitaka kumwekea alama ya heshima, wakachukua jiwe moja kubwa la mviringo kutoka Karlu Karlu, mamia ya kilomita kaskazini, wakaliweka juu ya kaburi. Nia ilikuwa nzuri. Ila lile jiwe lilikuwa takatifu kwa wenyewe na hakuna aliyewauliza. Walilidai miaka mingi, mpaka 1999 likarudishwa kwao, na Waarrernte wakatoa jiwe lingine la kwao likawekwa pale badala yake. Ndilo utakaloliona ukipita. Mimi kila nikisimama pale nawaza jinsi hawa wa pili walivyotoa kwa moyo baada ya yote yale.

## Hali zisizo za kawaida

Nikiumwa au kung'atwa na nyoka huko porini?

Nyoka wenye sumu wapo ila kuwaona ni nadra, wanakimbia mtikisiko wa miguu. Tembea kwenye njia, usiingize mkono kwenye mashimo. Akikung'ata usitembee, usioshe jeraha, mguu ufungwe bandeji ya kubana kuanzia vidoleni kwenda juu na utulie, namba ya dharura ni 000. Pasipo na mtandao mwongozaji huwa na simu ya setilaiti au redio, muulize mapema. Madaktari wa ndege walioanza 1928 ndio wanaochukua wagonjwa wa mbali, ni huduma ya aina ile ile tunayoijua kwetu tangu 1957 kupitia AMREF. Bima ya safari usiache nyumbani.

Wakifunga njia kwa sababu ya joto, hela yangu inarudi?

Inategemea mkataba, soma kabla. Njia ya juu ya Kings Canyon, siku iliyotabiriwa nyuzi 36 au zaidi lazima uwe umeanza kabla ya saa 3 asubuhi. Kata Tjuta, ile ya Valley of the Winds inafungwa saa 5 asubuhi joto likiwa hivyo. Kawaida mwongozaji anawabadilishia njia, sio kurudisha hela, na ukweli yuko sahihi. Usijaribu kumshawishi.

Na mvua ikinyesha jangwani?

Mwaka mzima inanyesha kidogo, ila ikija inakuja kwa nguvu na mito mikavu inajaa ghafla. Waliofuatilia mafuriko ya Hell's Gate ya Septemba 2019 wanajua maji ya korongoni yanavyoua, yanaweza kuanguka mbali wewe uko kwenye jua. Mwongozaji akisema tutoke, tokeni. Asubuhi yake ukibahatika utaona maporomoko yakishuka kwenye kuta za Uluru.

Mama ana miaka 70 na magoti yanasumbua, aje?

Aje. Simpsons Gap njia ni fupi na tambarare, Ochre Pits pia. Standley Chasm kuna mawe mawe, aende na fimbo na mtu wa kumshika. Mama yangu Ormiston hakupanda kokote, alikaa kwenye mchanga chini ya mti karibu na maji, tulivyorudi tukamkuta amevua viatu na ndege wadogo wenye midomo myekundu wanakunywa hatua tatu kutoka alipo, akatuonyesha kwa mkono tusisogee.

Nimesikia kuna ngamia, wametoka wapi?

Waliletwa na meli karne ya 19 kubeba mizigo jangwani, wakiwa na wachungaji wao waliotoka pande za Afghanistan na India ya wakati ule, wote wakaitwa Waafghani. Treni ya The Ghan inayotoka Adelaide imechukua jina kwao, ilifika Alice Springs 1929. Magari yalipoenea ngamia wakaachiwa, wakazaana, sasa wanazurura porini kwa makundi. Ukiwaona pembeni ya barabara ya kwenda Uluru ni hao, mwambie dereva apunguze mwendo, huwa wanavuka bila kuangalia.